Bangi ya kula au ya kuvuta: tathmini ya bidhaa za tiba, kwa wanaouliza wakiwa Dar

Ndugu yuko Toronto, Kanada, mama yuko Tabata, miguu inamchoma usiku kucha tangu amalize tibakemikali ya saratani. Swali linaloingia kwenye simu ni lile lile: nimtumie pipi, mafuta, au kile kikalamu cha kuvuta?

Hukumu yetu tunaitoa mapema. Kwa maumivu yanayoshinda na kulala na mgonjwa, bidhaa ya kumeza inaizidi ya kuvuta, na kati ya za kumeza, mafuta yanayopimwa kwa bomba la sindano yanaizidi pipi. Kwa kichefuchefu kinachokuja ghafla, au maumivu yanayopanda na kushuka ndani ya saa moja, mvuke ndio unaofaa. Msokoto, kama dawa, hatuupi alama yoyote. Na biskuti isiyo na lebo tunaiweka chini hata ya msokoto, sababu yake inakuja.

Kwanza sheria, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Tanzania bangi ni marufuku kulima, kubeba, kuuza na kutumia, chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na DCEA, mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya, ndiyo inayoisimamia. Pipi yenye chapa nzuri kutoka Kanada inabaki kuwa bangi ikitua uwanja wa ndege wa JNIA. Risiti ya duka halali la kule na cheti cha daktari wa kule visikupe kiburi cha kupita nayo kwenye mzigo. Kwa hiyo jibu la ndugu wa Toronto ni moja: usitume, usibebe, usimpe mtu anayesafiri. Tathmini hii inamhusu mgonjwa aliye kwenye nchi inayoruhusu: Kanada, Ujerumani iliyofungua mlango wa tiba mwaka 2017, Uingereza ambako tangu Novemba 2018 daktari bingwa anaweza kuandika cheti. Inawahusu pia wa nyumbani wanaotaka kuelewa mgonjwa wao anapewa nini huko, na wale wanaoshawishiwa na biskuti za mtaani kwa jina la tiba.

Tofauti kubwa ya njia hizi mbili iko kwenye ini. Ukivuta, THC, kile kiambata kinacholevya na kinachopunguza kichefuchefu na maumivu, inapita kwenye mapafu na kuingia kwenye damu moja kwa moja. Kiwango chake kwenye damu kinafika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, mgonjwa anakuwa ameshajua kama imemfaa, na nafuu inakaa saa 2 hadi 4. Ukila, inapita tumboni, kisha utumbo mwembamba, kisha ini kabla ya kufika popote pengine. Ini linaipunguza sana: katika kila miligramu 100 zilizomezwa, zinazofika kwenye damu zikiwa bado THC ni kati ya 4 na 12 tu, wakati kwa kuvuta ni kati ya 10 na 35. Ukiishia kwenye hesabu hiyo utadhani kula ni kupoteza. Lakini ini pia linageuza sehemu ya THC kuwa 11-hidroksi-THC, ambayo nayo inalevya na inaingia ubongoni kwa urahisi. Anayekula anaipata hiyo kwa wingi kuliko anayevuta. Ndiyo maana mtu aliyezoea kuvuta akila kiasi anachodhani ni kile kile, anashangaa kuona kimempiga kwa namna nyingine: kimechelewa, kimekuja kizito, na hakiondoki.

Saa za bangi ya kula zinafaa kukaririwa. Huanza kuonekana baada ya dakika 30 hadi 90, kwa wengine saa 2 kamili. Kilele ni kati ya saa ya 2 na ya 4. Nafuu inakaa saa 6 hadi 8, na uzito wa kichwa unaweza kufika saa 12 au kuingia siku ya pili. Kwa mgonjwa anayeamka saa nane za usiku kwa maumivu, urefu huo ndio faida yenyewe: anameza saa mbili usiku, analala mpaka alfajiri. Anayevuta atalazimika kuamka kuvuta tena.

Sasa bidhaa zenyewe. Pipi laini za kutafuna ndizo zinazojulikana zaidi. Chukua pakiti ya Kanada uisome. Ni mfuko wa rangi moja usio na madoido, mgumu kufunguliwa na mtoto. Una alama nyekundu yenye pembe nane, jani jeupe katikati na herufi THC, na kisanduku cha njano chenye onyo la afya. Namba ya kutafuta ni miligramu za THC kwa kipande, kisha miligramu za pakiti nzima. Kanada, tangu bangi ya kula iruhusiwe mwaka 2019, pakiti nzima haizidi miligramu 10 za THC. Inaweza kuwa pipi moja ya 10, mbili za 5, au nne za 2.5. Sasa vuka mpaka uende Colorado, Marekani: pale kipande kimoja kinaruhusiwa kuwa na 10, na pakiti ikafika 100. Pipi moja ya Colorado ni sawa na pakiti nzima ya Toronto. Mgonjwa aliyezoea “kipande kimoja” bila kusoma namba, akibadilisha nchi, anaweza kujizidishia mara nne bila kujua. Kipimo ni miligramu. Kipande ni umbo tu.

Lebo za Kanada zimekuwa na mistari miwili inayowachanganya wengi: “THC” na “jumla ya THC”. Ule wa kwanza ni kilichopo sasa hivi. Wa pili ni kitakachopatikana bidhaa ikishapashwa moto. Kwenye pipi mistari hiyo inakaribiana au inalingana, maana moto umeshapita kiwandani. Kwenye majani makavu inapishana sana: utaona miligramu chache kwa gramu juu na 200 chini. Sababu ni kwamba mmea mbichi una THCA, tindikali isiyolevya, na inageuka THC ikipata moto. Anayetafuna jani bichi anapata uchungu mdomoni na si kitu kingine cha maana.

Kwa mgonjwa asiyewahi kutumia, kipimo cha kuanzia ni miligramu 2.5 jioni, na mzee au mtu dhaifu aanze na chini ya hapo. Halafu asiongeze usiku huo. Maduka mengi yanasema subiri saa mbili uongeze. Sisi kwa mgonjwa tunasema subiri kesho. Kilele kinaweza kuja saa ya nne, na aliyeongeza saa ya pili anakutana na vipimo viwili kwa pamoja. Baada ya siku mbili tatu bila nafuu, panda kwa 2.5 nyingine. Akifika kati ya 10 na 20 kwa siku bila mabadiliko, tatizo huenda si kipimo. Huenda dawa hii haimfai, na kuendelea kupanda kunamwongezea ulevi bila kumpunguzia maumivu.

Kasoro za pipi ni tatu. Haigawanyiki vizuri: ukikata ya miligramu 10 vipande vinne, huna hakika kila robo ina 2.5, hasa kama kiwanda kimeipulizia THC juu ya ganda badala ya kuichanganya ndani. Pili, zile za jelatini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 35 hivi. Zikisahaulika kwenye gari juani zinashikana kuwa bonge, na ukishakata bonge umerudi kwenye kubahatisha. Za pektini, inayotokana na matunda, zinavumilia zaidi, na kwa Mwislamu ndizo za kuulizia, maana jelatini ya pipi mara nyingi ni ya nguruwe au ng'ombe na pakiti haisemi kila mara. Tatu, na hii ndiyo mbaya: ni pipi. Mtoto hajui lebo. Mtoto wa miaka mitatu aliyekula tatu au nne anaweza kulala usingizi usioamshika na kupumua kwa shida. Ikiwa nyumba ina watoto, pipi ndiyo bidhaa ya mwisho kuchagua, hata kama bibi anaipenda kwa utamu wake.

Mafuta ya kumeza hayana mvuto wa pipi, lakini ndiyo tunayoyapa alama za juu. Chupa ya mililita 30 iliyoandikwa miligramu 10 za THC kwa mililita ina miligramu 300. Bomba la mililita 1 lina mistari ya 0.1, na kila mstari ni miligramu 1. Kipimo cha kuanzia, 2.5, ni robo mililita. Mgonjwa akiona 2.5 inamzungusha kichwa na 1 haitoshi, unampa 1.5 au 2. Hilo kwa pipi haliwezekani. Kanada hupima kwa bomba, na hivyo ndivyo inavyofaa. Chupa zenye kidondoshi zinazokwambia “matone 10” ziepuke, kwa sababu tone la kidondoshi kimoja si tone la kingine, na mafuta yakipoa tone linakuwa nene. Tikisa chupa kabla ya kila kipimo, ifunike, iweke mbali na mwanga.

Kuna maelezo yanayosambaa kwamba mafuta yakiwekwa chini ya ulimi yanaingia kwenye damu papo hapo. Kidogo yanaweza kuingia, lakini mengi yanaishia kumezwa na mate, kwa hiyo saa zake zinakaribia zile za kula. Usimwongezee mgonjwa baada ya dakika kumi na tano eti chini ya ulimi ni haraka.

Vidonge vya hospitali vipo pia, na wengi hawavijui. Dronabinol, ambayo ni THC iliyotengenezwa maabara na kufungwa kwenye kapsuli yenye mafuta ya ufuta, iliidhinishwa Marekani mwaka 1985 kwa kichefuchefu cha tibakemikali ambacho dawa nyingine zimeshindwa, na mwaka 1992 kwa wagonjwa wa UKIMWI waliokosa hamu ya kula na kukonda. Ipo ya 2.5, 5 na 10. Kwa hamu ya kula kipimo cha kawaida cha kuanzia ni 2.5 mara mbili kwa siku, kabla ya mlo wa mchana na wa jioni. Nabilone ni ndugu yake, nayo imetengenezwa maabara kuiga THC. Vidonge hivi havina utamu wala hadithi, lakini ndivyo vilivyopimwa kwa wagonjwa kwa miaka mingi. Mtu akisema bangi inazuia kutapika kwa wanaochomwa dawa za kansa, ushahidi mwingi anaousimamia unatoka kwenye hivi vya kumeza. Msokoto hauna ushahidi wa aina hiyo.

Jambo moja linalopuuzwa kwenye bidhaa zote za kumeza ni chakula. THC inapenda mafuta. Dronabinol ikimezwa na mlo mzito wa mafuta, kilele chake kinachelewa kwa saa 4 hivi, na jumla ya dawa inayoingia mwilini inaongezeka karibu mara tatu. Kwa lugha ya jikoni kwetu: kipimo kile kile, siku moja kwa chai ya rangi na siku ya pili kwa wali wa nazi na samaki wa kukaanga, ni dawa mbili tofauti. Chagua mtindo mmoja, ama kila siku kabla ya kula ama kila siku baada ya mlo unaofanana, na ushike huo huo. Wagonjwa wengi wanaolalamika kwamba “leo imefanya kazi, jana haikufanya” tatizo lao ni sahani, chupa haina kosa.

Tuje kwenye biskuti, keki na juisi zinazouzwa kimya kimya mjini, wakati mwingine kwa jina la tiba ya saratani au kisukari. Fanya hesabu ya sinia moja. Majani gramu 5 yenye THC asilimia 10 yana miligramu 500. Sinia likikatwa vipande 20, kila kipande kina wastani wa 25, yaani mara kumi ya kipimo cha mgonjwa mpya. Hiyo ni kama majani ni ya asilimia 10. Yakiwa skanka yenye nguvu maradufu, ni 50. Mpishi hajui, kwa sababu hakuna maabara iliyopima. Na wastani wenyewe ni wa karatasi tu, maana THC haiyeyuki kwenye maji, inashika mafuta, na mafuta hayasambai sawa kwenye unga. Kipande cha pembeni kinaweza kuwa karibu kitupu na cha katikati kikabeba cha watu watatu. Moto wa oveni nao ukizidi unaharibu THC, ukipungua hauigeuzi yote. Chai ya majani yaliyochemshwa iko upande wa pili: maji yanatoa THC kidogo sana, mgonjwa anakunywa wiki nzima bila kitu, kisha siku moja mtu anaongeza maziwa yenye mafuta na kuchemsha kwa muda mrefu, na mambo yanabadilika.

Msokoto ni mbaya kwa mapafu, lakini ndani ya dakika kumi unakwambia umefika wapi na unaweza kuacha. Biskuti inakaa kimya saa nzima. Mwaka 2014 huko Colorado, kijana wa miaka 19 alinunuliwa biskuti moja iliyokuwa na miligramu 65, ikihesabiwa kuwa sehemu sita na nusu. Muuzaji alielekeza ale sehemu moja. Alikula hiyo moja, baada ya dakika 30 hadi 60 hakuona kitu, akamalizia iliyobaki. Saa chache baadaye alianza kuwehuka, akaruka kutoka ghorofani, akafa. Biskuti ile ilikuwa ya duka halali, yenye lebo na maelekezo. Ya kwetu haina hata lebo.

Kwenye kuvuta, tuanze na kinachotumika zaidi. Moshi wa bangi una lami na monoksidi ya kaboni kama wa sigara, na kuupitisha bila kichungi na kuubana kifuani kunaongeza lami kuliko kunavyoongeza THC, ambayo inaingia ndani ya sekunde chache. Mgonjwa mwenye pumu, au aliyepona kifua kikuu akabaki na makovu, ana sababu ya ziada ya kuukataa. Halafu kuna wapangaji wenzake: nyumba ya vyumba sita Sinza, moshi wa mmoja ni wa wote.

Mvuke ni habari nyingine. Kifaa cha tiba kinapasha majani bila kuyachoma. Vilivyo maarufu hospitalini ni Volcano Medic na Mighty Medic vya kampuni ya Kijerumani Storz & Bickel. Majani husagwa, robo gramu hivi inajazwa bila kukandamizwa, joto linawekwa nyuzi 180, na likipanda lisizidi 210. Kwenye 230 na kuendelea majani yanaanza kuungua, na hapo umerudi kwenye msokoto wa gharama kubwa. Mgonjwa anavuta pumzi moja ya kawaida, polepole, anaitoa, anasubiri dakika 10 hadi 15 kabla ya ya pili. Hapo ndipo kuvuta kunaposhinda: kipimo kinapandishwa pumzi kwa pumzi, na kama ya kwanza imetosha, inaishia hapo. Kwa anayetapika ni muhimu zaidi, maana kidonge kilichotapikwa baada ya dakika 20 hakuna anayejua nusu yake imebaki au imetoka yote, na kurudia ni hatari.

Ubovu wake ni hesabu na gharama. Sehemu ya kumi ya gramu ya majani ya asilimia 20 ina miligramu 20. Zinazoingia kwenye damu zinaweza kuwa 2 au 7 kutegemea joto, urefu wa pumzi na ustadi. Nafuu ikiisha baada ya saa 3, mwenye maumivu ya kudumu atavuta mara tano au sita kwa siku. Kifaa chenyewe ni mamia ya euro, kichujio chake kinaziba kwa utomvu na lazima kisafishwe kwa spiriti, na mikono inayotetemeka inashindwa kukijaza. Tunakipendekeza kama silaha ya akiba pembeni ya mafuta: mafuta asubuhi na jioni, mvuke kwa lile shambulio la katikati.

Vile vikalamu vya vepu vyenye kijichupa cha mafuta ni vitu vingine kabisa, japo watu wanaviita “mvuke” pia. Mwaka 2019 Marekani watu walianza kulazwa na mapafu yaliyoharibika. Hadi Februari 2020 waliolazwa walikuwa zaidi ya 2,800 na waliokufa 68. Kilichotiliwa shaka zaidi ni asetati ya vitamini E iliyotumika kuongezea mafuta ya THC ya magendo. Kikalamu kisicho na chanzo kinachojulikana kisimkaribie mgonjwa.

Katikati ya kula na kuvuta kuna spreyi ya mdomoni iitwayo Sativex, kila mpulizo una miligramu 2.7 za THC na 2.5 za CBD, kiambata kingine cha bangi kisicholevya. Imeidhinishwa Uingereza tangu 2010 kwa misuli inayokakamaa kwa wenye multipo sklerosisi, ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo. Inapulizwa ndani ya shavu au chini ya ulimi, ukibadilisha sehemu kila mara kwa sababu ina pombe na inachoma. Isizidi mipulizo 12 kwa siku. Ni bidhaa nzuri kwa kazi hiyo. Kwa maumivu ya saratani majaribio yake makubwa hayakufikia lengo, jambo ambalo wauzaji wa mafuta ya bangi hawalitaji.

Wala hawataji kwamba hakuna ushahidi kwa binadamu kuwa bangi, ya kula au ya kuvuta, inayeyusha uvimbe. Mgonjwa anayeacha mionzi kwa sababu ya chupa ya mafuta anapoteza muda ambao haurudi.

CBD yenyewe ina matumizi yake yaliyothibitika, hasa kwa watoto wenye aina kali za kifafa kama Dravet na Lennox-Gastaut. Dawa yake ya hospitali, Epidiolex, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 na ina miligramu 100 kwa mililita. Mtoto wa kilo 20 huanza na miligramu 50 mara mbili kwa siku. Ukilinganisha na pipi ya CBD ya miligramu 10, unaona ni pipi kumi kila siku, na hicho ni kianzio tu. Na yale mafuta ya mbegu za hempu, bangi ya jamii isiyolevya, yenye picha ya jani, yanayouzwa kama dawa, hayana THC wala CBD ya maana. Ni mafuta ya kuweka kwenye kachumbari.

Dawa anazotumia mgonjwa zinaweza kubadilisha kila kitu tulichoandika. Rifampisini ya kifua kikuu inaharakisha ini na kushusha kiwango cha THC na CBD, kwa hiyo mgonjwa ataona haifanyi kazi, atapandisha, kisha akimaliza dozi ya TB kipimo kile kile kitamzidi. Ritonavir, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za mstari wa pili za VVU, na ketokonazoli ya fangasi zinafanya kinyume, zinaiacha THC ikae zaidi. CBD inaweza kupandisha nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hadi mtu atokwe damu, na ikichanganywa na valproeti ya kifafa inaweza kuumiza ini. Mwenye homa ya ini ya muda mrefu au ini lililosinyaa aanze na nusu ya kipimo cha wengine, na aongeze taratibu zaidi. Anayemeza amlodipini au dawa nyingine za presha akisimama ghafla anaweza kuanguka, na mzee wa miaka 75 akivunjika nyonga hatakumbuka maumivu aliyokuwa akiyatibu. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye historia ya kuchanganyikiwa akili au moyo usiotulia: hapana kwa njia zote mbili. Na anayeendesha bodaboda au gari, siku aliyokula asiendeshe hadi kesho yake.

Akizidiwa, dalili ni moyo kwenda mbio, hofu kali, kutapika, kuona watu wanamwinda, kushindwa kusimama. Mkalishe au mlaze kwa ubavu mahali tulivu, mpe maji kidogo kidogo, kaa naye. Usimtapishe, usimpe maziwa kwa imani kwamba yanakata sumu, maana mafuta yake yanaisaidia THC kuingia. Kwa aliyevuta, kilele kimeshapita ndani ya saa moja. Kwa aliyekula, jipange kukesha. Mtoto yeyote, mtu asiyeamka, mwenye maumivu ya kifua au degedege apelekwe hospitali mara moja, iwe Amana, Temeke, Mwananyamala au Muhimbili, na daktari aambiwe ukweli kwamba ni bangi ya kula na saa aliyokula. Daktari aliyefichwa atatafuta malaria na kiharusi wakati mtoto anaacha kupumua.

Kuna kutapika kwingine kunakopotosha. Mtu anayetumia kila siku kwa miaka anaweza kupata matapishi mfululizo yanayotulia tu akioga maji ya moto. Familia inaona kichefuchefu, inamwongezea bangi. Hapo dawa ni kuiacha kabisa.

Kwa yule mama wa Tabata, njia ya kumeza ipo Dar na ni halali. Taasisi ya Saratani Ocean Road ina huduma ya tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, na morfini ya maji inatolewa pale kwa mgonjwa wa saratani mwenye maumivu makali. Inapimwa kwa mililita kila baada ya saa 4, na inaambatana na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza kwa sababu morfini hufunga choo bila huruma. Kwa miguu inayochoma na kufa ganzi baada ya tibakemikali, kuna dawa za mishipa ya fahamu kama amitriptilini ya usiku au gabapentini, zinazoanzwa kwa kipimo kidogo na kupandishwa kwa wiki. Kwa kichefuchefu kuna ondansetroni na deksamethasoni. Akienda kliniki abebe orodha ya kila anachomeza, pamoja na biskuti ya jirani kama aliionja, na aeleze maumivu yanaanza saa ngapi na yanakaa muda gani, maana hivyo ndivyo daktari atakavyopanga saa za dozi.